Picha za Joto Kutoka Angani na Nyufa Zilizofichwa Chini ya Mchanga Wetu

Mazungumzo na wanakamati wa maji wa vijiji vya Ghuba ya Ferguson, yaliyofanyika Kalokol. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya hizi picha za setilaiti zinazopima joto la ardhi. Najua sababu ya kuulizwa. Siku hizi mtu anaweza kufika na ramani yenye rangi nyekundu na buluu, akaitandaza mezani na kusema, "Tumeona ufa hapa, na penye ufa pana maji." Halafu kamati inaombwa iweke sahihi.

Sahihi hiyo ni mzigo. Kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine ni mamilioni ya shilingi, na kikitoka kikavu au kikitoka chumvi, mwenye mashine huondoka na lori lake, lakini mama wa hapa hubaki na mtungi wake. Kwa hiyo leo nataka tujue picha hizo zinaona kitu gani, na ni kitu gani haziwezi kuona hata siku moja.

Ufa tunaousema

Tunaishi katika Bonde la Ufa, na jina lenyewe limeshaeleza nusu ya habari. Ardhi yetu inavutwa. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na bara lililobaki, milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko ukucha wako unavyokua. Lakini hesabu ya ardhi ni ya mamilioni ya miaka. Jiwe likivutwa mwishowe hupasuka, upande mmoja ukashuka na mwingine ukabaki juu. Pale palipopasuka na kusogea ndipo tunapaita ufa wa miamba.

Ukienda kule Elgeyo, ufa unauona kwa macho: mlima umekatwa kama mkate, chini yake bonde la Kerio. Huku kwetu bonde ni pana na limelala. Turkwel na Kerio zimemwaga mchanga na udongo, ziwa nalo likamwaga matope yake, upepo ukaja kumaliza kazi. Nyufa nyingi ziko chini ya blanketi.

Mtaniuliza, sasa tulijuaje kwamba zipo? Mwaka 1984 watafiti walipita juu ya ziwa hili wakituma mitetemo chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake, na mwangwi ukaonyesha miamba iliyokatika na kuinama chini ya matope. Watu wa mafuta nao wametumia njia hiyohiyo nchi kavu. Kisima cha Ngamia 1, ambacho habari zake zilitangazwa Machi 2012, kiko katika bonde la Lokichar. Hilo ni bonde lililojaa mashapo, na upande wake wa magharibi limeshikwa na ufa mkubwa. Ukisimama juu yake unaona nchi tambarare tu, na ngamia.

Kuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni wa namna nyingine, huu tunautafuta. Jiwe jeusi la volkano, lile la milima ya Lothidok hapo nyuma yetu, likiwa zima halipitishi maji. Maji hukaa na kutembea mahali lilipovunjika. Kwa hiyo ufa unaweza kuwa mfereji. Lakini sikilizeni vizuri: ufa unaweza pia kuwa ukuta. Miamba miwili ikisagana kwa muda mrefu hutoa unga laini kama udongo wa mfinyanzi, na unga huo huzuia maji yasipite. Hapo maji hujikusanya upande mmoja, yakapanda karibu na juu, na upande wa pili pakawa pakavu kabisa. Watu wawili wanaweza kuchimba wakiwa wameachana mita mia moja, mmoja akanywa na mwingine akala vumbi, na wote wawili wamechimba "kwenye ufa".

Na ufa si habari ya maji peke yake. Tarehe 6 Januari 1928 ufa wa Laikipia na Marmanet ulisogea kule Subukia, tetemeko la kipimo cha 6.9, na ardhi ikapasuka waziwazi kwa zaidi ya kilomita 30. Anayejenga shule, tangi au bwawa ana haki ya kujua kilicho chini yake.

Miguu yenu inajua

Sasa joto. Hili jambo ninyi mnalijua kuliko vitabu. Saa saba mchana mtoto asiye na viatu hukimbia juu ya mchanga kwa ncha za vidole. Usiku wa manane mchanga huohuo ni baridi. Lakini lile jiwe jeusi kubwa, ukiliegemea usiku, bado lina joto la jana. Mchanga mkavu hupata joto upesi na hulipoteza upesi. Jiwe zito hupata polepole na hutoa polepole.

Halafu chukueni mtungi wa plastiki, uvikeni gunia, lowesheni gunia hilo, utundikeni kivulini penye upepo. Baada ya muda maji ya ndani ni baridi. Kwa nini? Maji ya kwenye gunia yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Ardhi yenye unyevu hufanya vivyo hivyo. Mchana huwa na ubaridi kuliko ardhi kavu iliyo jirani yake, hata kama kwa macho zote mbili ni rangi moja ya vumbi. Na miti yenye mizizi mirefu, ewoi na esekon, inavuta maji ya chini na kuyatoa kwa majani, kwa hiyo nayo hupoa.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Setilaiti imewekewa jicho la kuisoma. Haipimi kwa kugusa, inasoma mionzi inayopanda. Kitone chenye joto hupakwa rangi moja, chenye ubaridi rangi nyingine, na ramani inatokea. Zile rangi nyekundu na buluu zimechaguliwa na mtu ofisini. Buluu si maji. Naomba mlikumbuke hilo hata mkisahau mengine yote.

Ufa uliofichwa unaweza kujionyesha kwa njia kadhaa. Pengine ni mstari ulionyooka wenye ubaridi mchana, kwa kuwa unyevu umezuiliwa hapo. Pengine upande mmoja wa mstari una joto na mwingine una ubaridi, kwa sababu ufa umeleta jiwe jeusi likakutana na mchanga. Au ni madoa ya kijani yaliyopangwa kama shanga kwenye uzi, hapa mti, kule majani, pale tena mti, na hakuna laga inayoyaunganisha. Au, mahali penye moto chini, mstari una joto hata usiku, kwa sababu mvuke au maji moto yanapanda kupitia humo.

Hili la mwisho tunalo mlangoni. Kisiwa cha Kati, kile mnachokizunguka mkienda kuvua, ni volkano, na bado kinatoa mvuke. Kusini kabisa mwa ziwa kuna volkano zile za kizuizi kinachotutenga na bonde la Suguta. Kapedo kuna maji moto yanayomwagika mchana na usiku. Sehemu kama hizi, picha ya joto iliyopigwa usiku husaidia sana, maana jua limekwisha kuondoka na joto linalobaki lina maelezo mengine. Watafutaji wa nguvu za umeme wa mvuke hupenda picha za usiku kwa sababu hiyo.

Jicho lenyewe

Setilaiti za Landsat 8 na Landsat 9 za Marekani ziko juu kama kilomita 705, karibu sawa na safari ya basi kutoka Lodwar hadi Nairobi, ila ni kwenda juu. Ya kwanza ilirushwa Februari 2013, ya pili Septemba 2021. Kila moja hurudi mahali palepale baada ya siku 16, zote mbili pamoja ni kila siku 8. Hupita hapa kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kuna jicho jingine liitwalo ASTER, lililotengenezwa na Wajapani na kuwekwa kwenye setilaiti ya Terra mwaka 1999. Hilo limepiga picha nyingi za usiku pia. Tangu 2018 kuna chombo kingine, ECOSTRESS, kilichofungwa kwenye kituo cha anga, nacho hupita saa mbalimbali za siku. Sisi wenyewe Kenya tulirusha Taifa-1 Aprili 2023, na nilifurahi kama ninyi, lakini hiyo hupiga picha za kawaida za mwanga, haipimi joto.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Kitone kimoja cha joto cha Landsat ni mita 100 kwa mita 100. Hiyo ni hekta moja nzima, imepewa nambari moja ya joto. Ndani ya hekta hiyo mnaweza kuwa na boma, mti, mwamba na njia ya mbuzi, vyote vimechanganywa kama githeri. Tundu la kisima ni upana wa sahani. Mtu akikuonyesha kwa kidole mahali pa kuchimba kwa kutumia picha hiyo peke yake, ni kama mtu aliyeambiwa "rafiki yako yuko Lodwar" akaenda kugonga mlango wa kwanza. Na wakati mwingine picha hugawiwa ikiwa na vitone vya mita 30. Hiyo imepigwa pasi tu na kompyuta ili ilingane na picha nyingine. Jicho lenyewe lilikuwa la mita 100.

La pili ni kina. Joto la jua la mchana mmoja huingia ardhini kwa kiasi cha kiganja hadi mkono, basi. Setilaiti inaona ngozi. Mama akimwekea mtoto mkono kwenye paji la uso anajua kuna homa. Mkono haujamwonyesha kama ni malaria au ni kifua. Kwa hilo damu hupimwa. Picha ya joto ni mkono wa mama. Ni mkono mzuri, unafika mahali pengi kwa siku moja, lakini ni mkono. Ufa ulio chini ya mita 50 za matope, ambao haujaleta unyevu, wala mti, wala chumvi, wala mvuke juu, setilaiti hupita juu yake kama ndege wanavyopita.

Mistari ya uongo

Hapa Ghuba ya Ferguson tuna tatizo letu maalum. Miaka ipatayo elfu sita iliyopita ziwa hili lilikuwa juu kuliko leo kwa zaidi ya mita 80. Watoto wenu wanaochunga mbuzi huokota makombe ya konokono na mifupa ya samaki mbali kabisa na maji. Ziwa lilipokuwa likirudi nyuma liliacha kingo za changarawe na mchanga, moja baada ya nyingine, zimenyooka kama zimepigwa kwa kamba. Kwenye picha ya joto kingo hizo ni mistari safi kabisa. Mgeni akiiona ataruka kwa furaha: ufa! Kumbe ni ufuo wa zamani. Mzee yeyote wa hapa angemwambia.

Mambo mengine hufanya vivyo hivyo. Kivuli cha mlima asubuhi huacha ubaridi upande mmoja. Upepo wetu wa kutoka kusini-mashariki, ule ule unaozungusha mitambo ya umeme kule ng'ambo ya ziwa, hupoza mteremko unaoukabili na kuuacha wa nyuma na joto. Barabara hutokea kama mstari. Mathenge imejipanga kando ya mfereji wa zamani, nayo inaonekana baridi. Mvua ikinyesha juzi, nchi yote hubadilika sura. Kwa hiyo mstari ulioonekana mara moja, tarehe moja, usiuite ufa. Uonekane mwezi wa kiangazi na mwaka mwingine wa kiangazi, mchana na usiku, na pia kwenye picha ya kawaida na ile ya rada. Ukiendelea kujitokeza, hapo tunafunga viatu na kwenda kuutembelea.

Tulichojifunza Lotikipi

Tarehe 11 Septemba 2013 serikali ya Kenya pamoja na UNESCO zilitangaza Nairobi kwamba maji mengi yamegunduliwa chini ya Turkana. Fedha zilitoka Japani, na kampuni ya Kifaransa iitwayo Radar Technologies International ndiyo iliyofanya uchunguzi. Chombo chake kikubwa kilikuwa picha za rada kutoka angani, si za joto, zikaunganishwa na habari nyingine za miamba. Hifadhi ya Lotikipi ilikadiriwa kuwa na mita za ujazo bilioni 200 hivi. Mnakumbuka siku ile. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Hata binamu zetu walio mjini walipiga simu, ati Turkana sasa itakuwa shamba.

Visima vya majaribio vilichimbwa, maji yakapatikana. Kwa hiyo picha haikusema uongo: ilisema kuna maji, na yalikuwapo. Lakini vipimo vilivyofuata vya Lotikipi vilionyesha chumvi nyingi mno, si maji ya kunywa binadamu bila kuchujwa kwa gharama kubwa. Jamani, mtu aliyekuwa na kiu hakuuliza kama kuna maji. Aliuliza kama kuna maji ya kunywa. Maswali haya mawili hayafanani, na hakuna jicho lolote la angani linalojibu la pili.

Fikirieni nchi ilivyolala. Laga ya Tarach hupita Kakuma, pale ambapo kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992 hupata maji yake kwenye visima vilivyochimbwa kando ya laga hiyo, halafu huelekea uwanda wa Lotikipi, na huko haina pa kutokea. Maji yasiyo na pa kutokea, kwenye jua kama letu, huacha chumvi. Lodwar ni habari tofauti. Huko mji unakunywa maji ya chini yanayojazwa na mto Turkwel, yaliyo katika mchanga na changarawe za mto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wameyachunguza kwa makini. Karibu na mto maji ni laini, na ukiuacha mto chumvi huongezeka. Katika tangazo lile la 2013 hifadhi ya Lodwar ilitajwa pia, ni ndogo sana ukiilinganisha na Lotikipi, na haikupigiwa kelele kubwa. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa habari.

Na sisi wa ziwani tuwe waangalifu zaidi. Maji ya ziwa hili yana magadi, na floridi yake imepita mbali kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi mnaouona kila siku, na mifupa huumia pia. Ufa unaotoka upande wa ziwa unaweza kutuletea maji hayohayo. Ufa unaotoka upande wa milima unaweza kuleta mengine. Mstari ni ule ule kwenye ramani.

Ghuba iliyoondoka na kurudi

Niruhusuni nitoke nje ya njia kidogo. Wengi hapa mnakijua kile kiwanda cha kugandisha samaki cha Kalokol kilichojengwa kwa msaada wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, katika nchi ambayo maji safi hayapo. Mitambo ya baridi ilifanya kazi kwa muda mfupi sana. Halafu katikati ya miaka hiyohiyo ziwa likashuka, na ghuba yenyewe ikakauka. Mashua zikakaa mchangani. Samaki wa ghuba, waliokuwa sehemu kubwa ya mapato ya ziwa zima, wakaisha.

Baadaye maji yalirudi, na katika miaka hii ya karibuni yamerudi kwa hasira. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilieleza watu waliohamishwa na maji, Turkana ikiwemo. Ninyi mliohamisha nyumba hamhitaji ripoti.

Naitaja habari hii kwa sababu mojawapo ya kazi bora za picha za joto ni hiyo: mpaka wa maji na nchi kavu. Ziwa ni baridi mchana na lina joto usiku, ukingo wake hauna ubishi. Setilaiti ya Landsat 5 yenye jicho la joto ilirushwa Machi 1984, na picha za mfululizo huo zimetunzwa. Kabla ya kuchimba kisima hapa pwani, mtu aangalie miaka 40 ya ukingo wa ziwa. Kisima kizuri cha leo kinaweza kuwa ndani ya ziwa kesho, au kikawa kimenyonya magadi yake.

Ramani ikija mezani

Basi mtu amefika na ramani. Kwanza msimlipe kwa ajili ya picha. Picha za Landsat ni bure kwa mtu yeyote duniani tangu 2008, na pale Kasarani, Nairobi, kuna kituo cha kanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa 1975, ambacho kazi yake ni kusaidia nchi zetu katika mambo haya. Mnachoweza kumlipia ni kazi ya kuisoma picha, na miguu yake.

Muulizeni tarehe na saa ya picha. Asiyejua saa hajaisoma. Muulizeni kama mstari ule umeonekana zaidi ya mara moja. Muulizeni ametofautishaje ufa na ufuo wa zamani, halafu mnyamaze mwone atasema nini. Muulizeni upande gani wa ufa anataka kuchimba na kwa nini upande huo. Kama amejibu hayo kwa subira, huyo ni mtu wa kukaa naye chini ya mti.

Kisha lazima apite ardhini. Iko mashine ya kupitisha umeme ardhini kwa misumari ya chuma na kupima jinsi ardhi inavyouzuia. Hiyo inaona mbali chini kuliko setilaiti. Lakini nayo ina ujanja wake: maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na udongo wa mfinyanzi vilevile. Mtu mwenye haraka anaweza kuona mfinyanzi akaita maji, au akaona chumvi akafurahi. Ndiyo maana sheria inataka ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini na idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla mashine haijawasha injini. Msikubali kuambiwa karatasi zitafuata. Na kisima kikishachimbwa kisukumwe kwa pampu saa nyingi mfululizo, maji yapelekwe maabara, na ripoti ya floridi na chumvi isomwe mbele ya kamati kwa lugha mnayoielewa. Mambo haya yaandikwe kwenye mkataba kabla, sio baadaye.

Jambo jingine halizungumzwi sana. Mstari kwenye ramani ukishaitwa ufa wenye maji, ardhi iliyo juu yake hupanda bei. Malisho ya jana yanakuwa "kiwanja". Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawapa nafasi ya kusajili ardhi yenu kwa jina la jamii. Fanyeni hivyo kabla ramani haijatangazwa redioni. Na mkubaliane mapema nani atakunywa hapo wakati wa kiangazi, maana kisima kipya kwenye njia ya mifugo huleta watu wengi, na si wote mnaojuana nao.

Swali mliloniuliza asubuhi

Kijana mmoja aliniuliza asubuhi: kama picha zina shida zote hizi, kwa nini tuzihangaikie? Nimjibu mbele yenu. Turkana ni kubwa. Mtaalamu mwenye mashine ya umeme hawezi kuipima yote hata akizeeka humu. Picha ya joto inasema: usianze huku, anza kule. Inapunguza nchi ya siku mia za kutembea ikawa ya siku tatu. Siku tatu hizo zikitumika vizuri, fedha zinazookolewa ni za kisima kingine.

Lakini siku tatu hizo ni zenu pia. Nani anajua ni kisima gani cha mchangani kwenye laga huchelewa kukauka kuliko vingine? Nani anajua mahali ngamia hukataa maji? Pale ambapo ewoi hubaki na majani mwaka wa njaa, ilhali zingine zimesimama uchi? Hizo ni dalili zilezile setilaiti inazozitafuta, ila ninyi mmezitazama kwa miaka hamsini na kwa karibu, si kwa kitone cha hekta. Na akina mama wanaochota ndio wanaojua ladha. Ladha haionekani angani.

Nimeleta karatasi kubwa nne zenye ukingo wa ziwa, Lothidok, Turkwel na barabara ya Lodwar tu, hakuna kingine. Ziko pale ukutani, na penseli ziko kwenye kopo. Kabla ya chakula naomba kila kijiji kiandike visima vyake vyote, vilivyo hai na vilivyokufa, kwa majina mnayoviita ninyi. Kando ya kila jina wekeni kama ni tamu au chumvi, na mwezi kinapokauka. Wanaovijua zaidi ni hawa mama waliokaa nyuma, kwa hiyo tuwapishe waanze wao.